Kipuri cha bei duni kinavyoweza kufunga kiwanda kizima

KIPURI kidogo kuliko ukucha, chenye bei isiyozidi ya chupa ya soda, kinaweza kulizuia gari la mamilioni ya shilingi lisitoke kiwandani.

Hayo si mafumbo. Kati ya 2020 na 2022, kampuni kubwa za magari katika mabara ya Asia, Ulaya na Amerika zililazimika kusimamisha mitambo na kuwarudisha wafanyakazi nyumbani. Wanunuzi walikuwapo, chuma kilikuwapo, mpira ulikuwapo. Kilichokosekana ni chipu, yaani vile vipande vya silikoni vinavyoendesha kila kitu ndani ya gari la kisasa, kuanzia breki hadi kioo cha dirisha.

Mnamo Septemba 2021, kampuni ya ushauri ya AlixPartners ilikadiria kwamba magari milioni 7.7 hayangeundwa mwaka huo kutokana na uhaba huo, na kwamba sekta ya magari ingepoteza mapato ya dola bilioni 210.

Hata hivyo, msiba huo haukuwapata wote kwa kiwango sawa. Zipo kampuni zilizofunga viwanda katika majuma ya kwanza, na zipo zilizoendelea kuunda magari kwa miezi kadhaa kana kwamba hakuna lililotokea. Tofauti kati yao haikutokana na bahati, wala na ukubwa wa mifuko yao. Ilitokana na maamuzi yaliyofanywa miaka mingi kabla ya uhaba kubisha hodi.

Hilo ndilo funzo linalostahili kuzingatiwa na yeyote anayeendesha kiwanda, hata kiwe kidogo namna gani: siku ambayo kipuri kinaadimika, huwa umeshachelewa kuanza kujipanga.

SI BIDHAA YA KUONGEZWA MARA MOJA

Ili kuelewa kiini cha tatizo, ni muhimu kufahamu jinsi chipu zinavyoundwa. Kazi huanza na visahani vyembamba vya silikoni, ambavyo huingizwa katika vyumba ambamo hewa huchujwa hadi vumbi likakaribia kutoweka kabisa. Humo, kila kisahani hupitia mamia ya hatua za kuchorwa, kuchomwa, kuoshwa na kupakwa kemikali, kabla ya kukatwakatwa, kufungwa na kujaribiwa.

Safari hiyo huchukua takriban miezi mitatu, na mara nyingi zaidi ya hapo. Kiwanda kipya nacho hugharimu mabilioni ya dola, na ujenzi wake huchukua miaka.

Mkulima wa mahindi kule Trans Nzoia anaweza kuielewa hali hii bila kufafanuliwa. Anayehitaji gunia leo hawezi kulipata kwa kupanda leo. Ama alipanda msimu uliopita, ama ana ghala, ama atamwomba jirani. Njia ya nne haipo.

Kuna kikwazo kingine. Chipu moja haiwezi kuchukua nafasi ya nyingine kama vile msumari wa duka moja unavyoweza kuchukua nafasi ya msumari wa duka jingine. Kila chipu ina programu yake, umbo lake na idadi ya miguu yake. Ile inayotumiwa katika breki au mifuko ya hewa ya kuwakinga abiria ni sharti ijaribiwe kwa muda mrefu, katika joto, baridi na mitikisiko, kabla ya kuidhinishwa. Kwa hivyo, kubadilisha mwuzaji si suala la kupiga simu tu.

Isitoshe, viwanda vyenye uwezo wa kuunda chipu ni vichache, navyo vimerundikana katika maeneo machache ya dunia, hasa Taiwan, Korea Kusini, Japani, Uchina na Marekani. Tetemeko la ardhi, dhoruba au mvutano wa kisiasa katika eneo moja husikika kote duniani.

MOTO WA DAKIKA KUMI

Tukio ambalo hadi sasa hutumiwa kuwafunzia wanafunzi wa usimamizi lilitokea usiku wa Ijumaa, Machi 17, 2000. Radi ilipiga nyaya za umeme katika jimbo la New Mexico, Marekani. Umeme ukayumba, na moto mdogo ukazuka katika kiwanda cha chipu cha kampuni ya Philips mjini Albuquerque.

Moto wenyewe ulizimwa kwa muda wa dakika kumi hivi. Lakini moshi na maji yalikuwa yameshaingia katika vyumba visivyotakiwa kuingia hata unywele. Chipu zilizokusudiwa kwa mamilioni ya simu za mkononi zikaharibika.

Wateja wawili wakubwa wa kiwanda hicho walikuwa Nokia ya Finland na Ericsson ya Uswidi, mahasimu wakuu katika biashara ya simu. Zote mbili zilipata taarifa ile ile: kwamba oda zao zingechelewa kwa muda wa wiki moja hivi.

Nokia haikuipuuza taarifa hiyo, ingawa haikuwa na sababu ya kuhamaki. Ilichofanya ni kuviorodhesha vipuri vitano vilivyohusika kuwa vya kuangaliwa kwa makini, na badala ya kuulizia hali yake mara moja kwa wiki, maafisa wake wakawa wanapiga simu kila siku. Kabla ya majuma mawili kutimia, ukweli ulijitokeza. Kiwanda kingehitaji majuma mengi ili kurejea katika hali yake, na simu milioni nne za Nokia zilikuwa hatarini.

Hapo suala hilo likapelekwa moja kwa moja hadi ngazi ya juu. Aliyekuwa mkuu wa Nokia, Jorma Ollila, alikutana na mkuu wa Philips, Cor Boonstra. Nokia ikataka kila nafasi iliyokuwa wazi katika viwanda vingine vya Philips, vikiwemo vya Eindhoven na Shanghai, itumiwe kuziba pengo. Wahandisi wake wakabadilisha usanifu wa baadhi ya chipu ili ziweze kuundwa kwingineko, huku wauzaji wengine wa Japani na Marekani wakiombwa kuongeza kasi.

Ericsson ilipata taarifa ile ile, lakini ilikwama katika ngazi za chini. Majuma yalipita kabla ya wakuu wa kampuni kung'amua uzito wa jambo hilo. Walipoamka, nafasi zote za akiba zilikuwa zimeshachukuliwa na mshindani wao. Aidha, katika miaka ya tisini kampuni hiyo ilikuwa imepunguza idadi ya wauzaji wake ili kubana matumizi, na hivyo haikuwa na pa kukimbilia.

Kampuni hiyo ilitangaza kwamba ilipoteza mauzo ya takriban dola milioni 400 kutokana na uhaba huo. Ni kweli kwamba Ericsson ilikuwa na matatizo mengine pia, yakiwemo ya aina za simu ilizokuwa ikiuza. Lakini kufikia 2001 haikuwa tena ikiendesha biashara ya simu za mkononi peke yake. Ilikuwa imeungana na Sony kuunda kampuni ya Sony Ericsson.

Wahenga walisema chelewa chelewa utapata mwana si wako. Radi ilikuwa moja, na moto ulikuwa mmoja. Kilichozitenganisha kampuni hizo mbili ni muda uliopita kati ya kupokea habari ndogo na kuifanyia kazi.

DAFTARI LA TOYOTA

Mnamo Machi 11, 2011, tetemeko kubwa la ardhi na mawimbi ya tsunami yaliipiga pwani ya kaskazini mashariki mwa Japani. Miongoni mwa viwanda vilivyoharibika ni kile cha kampuni ya Renesas kilichoko Naka, katika eneo la Ibaraki, kilichokuwa kikiunda chipu za kuongoza mitambo ya magari. Kilisimama kwa takriban miezi mitatu.

Toyota, iliyosifika ulimwenguni kwa kubuni mfumo wa kuagiza vipuri vifike kiwandani saa ile ile vinapohitajika, ilijikuta taabani. Mfumo huo uliondoa gharama za maghala na ukaigwa na karibu kila kiwanda duniani. Lakini sasa udhaifu wake ulidhihirika. Kampuni ilifahamu vyema wauzaji wake wa moja kwa moja, ila haikuwafahamu wauzaji wa wauzaji hao. Vipuri vilivyoonekana kutoka kwa kampuni kadhaa tofauti viligunduliwa kuwa, huko chini kabisa, vilitegemea mlango mmoja.

Baada ya janga hilo, Toyota ilifanya mambo mawili.

Kwanza, ilitengeneza daftari la kielektroniki lenye taarifa za wauzaji wake wa kila ngazi, linaloonyesha kipuri kipi kinaundwa wapi. Kufikia 2021, ilikuwa imeripotiwa kwamba daftari hilo lilikuwa na taarifa za takriban maeneo 650,000. Tetemeko likitokea mahali, maafisa wanaweza kutambua upesi ni vipuri gani vimo hatarini, badala ya kusubiri hadi vikosekane.

Pili, iliwataka wauzaji wake kuhifadhi akiba ya chipu inayotosha miezi miwili hadi sita, kutegemea muda unaochukuliwa kati ya kuagiza na kupokea. Akiba hiyo haikuhusu kila kitu. Viti, vioo na matairi viliendelea kuletwa kwa utaratibu wa zamani. Waliolengwa ni wale wadogo wasioonekana, wenye chanzo kimoja na safari ndefu.

Jambo ambalo huwa halitajwi sana ni swali la nani agharamie akiba hiyo. Mtengenezaji mkubwa akimwamuru muuzaji mdogo aweke mali ya miezi minne ghalani, bila kumsaidia, atakuwa amemhamishia mzigo wake. Toyota ilizoea kuwataka wauzaji wake wapunguze bei kila mwaka. Kwa mujibu wa taarifa zilizochapishwa 2021, iliwarejeshea sehemu ya punguzo hilo ili kulipia gharama za kuhifadhi. Mpango usiolipiwa huishia kwenye karatasi.

WALIOTOKA FOLENINI

Mtihani wa kweli ulikuja 2020. Janga la Covid-19 lilipozuka, kampuni nyingi za magari ziliona maduka yao yamefungwa na zikakata shauri kwamba mauzo yangedorora kwa muda mrefu. Zikafuta oda zao za chipu.

Wakati huo huo, mamilioni ya watu waliojifungia nyumbani walihitaji tarakilishi za kufanyia kazi, simu, runinga na vifaa vya mchezo. Viwanda vya chipu vilizikabidhi sekta hizo nafasi iliyoachwa. Mauzo ya magari yalipoanza kufufuka katika nusu ya pili ya mwaka, kampuni hizo zilirudi na kukuta foleni ndefu, nazo ziko mwisho wake.

Zilidhani kwamba ukubwa wao ungezipa kipaumbele. Zilikosea. Kwa kampuni ya TSMC ya Taiwan, ambayo ndiyo kubwa zaidi duniani katika kuunda chipu kwa niaba ya wengine, mapato yaliyotokana na magari yalikuwa takriban asilimia tatu pekee mnamo 2020. Aidha, chipu nyingi za magari ni za teknolojia ya zamani, zenye faida ndogo. Hakuna mwekezaji aliyekuwa na haraka ya kujenga kiwanda kipya kwa ajili yake.

Kisha masaibu yakafuatana. Mnamo Februari 2021, baridi kali ilikata umeme katika jimbo la Texas, na viwanda vya Samsung, NXP na Infineon mjini Austin vikafungwa. Mwezi uliofuata, Machi 19, moto ulizuka katika kile kile kiwanda cha Renesas cha Naka. Mteja hakusubiri tena kuarifiwa: kampuni za magari na nyinginezo zilituma watu wake kusaidia kusafisha na kurekebisha mitambo, na uzalishaji ukaanza tena Aprili 17.

Katika miezi hiyo ya mwanzo, Toyota iliendelea kuunda magari huku wapinzani wake wakipunguza zamu. Mnamo Februari 2021, ilisema kwamba ilikuwa na akiba ya chipu ya kati ya mwezi mmoja na minne.

Lakini akiba si hirizi. Mnamo Agosti 2021, Covid-19 ilipoenea katika mataifa ya kusini mashariki mwa Asia na kufunga viwanda huko, Toyota nayo ilitangaza kwamba ingepunguza mpango wake wa uzalishaji wa Septemba kwa asilimia 40. Mwaka uliofuata, wateja wake nchini Japani walikabidhiwa magari yakiwa na ufunguo mmoja wa kielektroniki na mwingine wa chuma wa kawaida, wakiahidiwa kuletewa wa pili baadaye.

Akiba, basi, hununua muda. Anayeutumia muda huo kutafuta njia nyingine huokoka. Anayeketi na kuihesabu huishia pale pale walipo wengine.

HOFU INAVYOZAA UHABA MWINGINE

Kuna sababu nyingine inayofanya uhaba wa aina hii uonekane mkubwa kuliko ulivyo. Wanunuzi wa humu nchini wanaifahamu. Uvumi ukienea kwamba unga au sukari itaadimika, aliyekuwa akinunua pakiti mbili hununua kumi. Rafu za duka hubaki tupu kwa siku moja, na uvumi unakuwa kweli.

Viwandani hali ni hiyo hiyo, ila kwa kiwango kikubwa. Kiwanda kinachohitaji chipu elfu mia moja huagiza elfu mia moja kutoka kwa kila mmoja wa wauzaji watatu, kwa matumaini kwamba mmoja atatimiza. Muuzaji anaona mahitaji yameongezeka mara tatu, naye anamwagiza muuzaji wake zaidi. Kila ngazi inaongeza chumvi yake. Mwishoni, kiwanda cha chipu hakiwezi kutambua mahitaji ya kweli ni yapi na ya hofu ni yapi.

Uhaba unapokwisha, oda hizo za ziada hufutwa kwa mkupuo, na waliojaza maghala kwa bei ya juu hubaki na mali isiyotakikana. Ndiyo maana wasimamizi makini huwapa wauzaji wao makadirio ya kweli ya mahitaji ya mwaka mzima, na hutia sahihi mikataba ya muda mrefu, badala ya kukimbizana na soko kila juma. Muuzaji anayeamini takwimu za mteja wake humhifadhia nafasi.

Athari nyingine ya hofu ni bidhaa ghushi. Chipu inapokosekana kwa wauzaji walioidhinishwa, madalali hujitokeza. Baadhi ya wanachouza huwa kimebanduliwa kutoka kwa takataka za kielektroniki, kikakwanguliwa maandishi ya zamani na kuchapishwa mapya. Huenda ikafanya kazi kwa mwezi mmoja. Katika redio, hasara ni ya mteja mmoja. Katika mashine ya hospitali au breki za basi, hasara haina fidia. Kiwanda kinacholazimika kununua kwa dalali hakina budi kuzijaribu chipu hizo kabla ya kuzitumia, na gharama ya vipimo ihesabiwe kuwa sehemu ya bei.

MBINU ZA WAHANDISI

Pale ambapo afisa wa ununuzi anafika mwisho wa uwezo wake, mhandisi anaweza kuendelea. Katika kipindi cha uhaba, Tesla ilibadilisha chipu ilizokuwa ikitumia na kuandika upya programu zake ili zilingane na chipu za wauzaji wengine. Mnamo 2021, ilisema kwamba ilikuwa ikiunda na kujaribu aina 19 mpya za vidhibiti kwa njia hiyo. Iliweza kufanya hivyo kwa sababu programu nyingi iliziandika yenyewe, wakati washindani wake walizinunua zikiwa zimeshafungwa ndani ya kipuri.

Peugeot ilichagua kurudi nyuma. Mnamo 2021, baadhi ya magari yake aina ya 308 yaliondolewa kioo cha kidijitali mbele ya dereva na kuwekewa saa za mishale za kizamani. General Motors iliondoa huduma kama ya kupasha viti joto katika baadhi ya magari, na mengine ikayaunda bila vipuri fulani kisha ikayaegesha. Kufikia katikati ya 2022, ilikuwa na takriban magari 95,000 ya aina hiyo, yaliyokosa vipuri vichache tu ili yaweze kuuzwa.

Njia hii ya mwisho huwapa wafanyakazi kazi ya kufanya, lakini hufunga fedha nyingi uwanjani. Zile mbili za mwanzo zinahitaji uamuzi uliofanywa mapema, wakati bidhaa ingali kwenye meza ya mchoraji: je, bodi hii inaweza kupokea chipu mbili tofauti? Je, kuna kipuri kinachotengenezwa na kampuni moja tu, ilhali kipo kingine kinachotengenezwa na tatu? Maswali hayo hayagharimu chochote wakati wa kuchora. Baada ya bidhaa kuanza kuuzwa, jibu lake huweza kugharimu miezi.

SIASA NA AKILI MNEMBA

Wengi walidhani kwamba baada ya 2022 suala hili lilizikwa. Mnamo Septemba 30, 2025, serikali ya Uholanzi ilitumia sheria ambayo ni nadra kutumiwa kuingilia usimamizi wa Nexperia, kampuni ya chipu yenye makao yake nchini humo lakini inayomilikiwa na Wachina. Siku chache baadaye, Uchina ilizuia bidhaa za kampuni hiyo zilizokamilishiwa huko zisiuzwe nje.

Bidhaa hizo si za ajabu. Ni transista na dayodi za bei ya chini mno, zinazotumiwa kwa mamia katika kila gari. Hata hivyo, kabla ya mwezi wa Oktoba kwisha, Honda ilikuwa imesimamisha kazi katika kiwanda chake cha Celaya, Mexico. Kwa mara nyingine ilibainika kuwa bei ya kipuri haionyeshi uzito wake. Kigezo sahihi ni hasara itakayotokea kikikosekana.

Mwaka huo huo ulileta shinikizo la aina nyingine. Ujenzi wa vituo vikubwa vya tarakilishi za akili mnemba uliwafanya watengenezaji wakuu wa chipu za kumbukumbu, ambao ni Samsung, SK Hynix na Micron, kuelekeza nguvu zao katika bidhaa za vituo hivyo, zenye faida nono. Kumbukumbu za kawaida zikapanda bei. Mnamo Desemba 2025, Micron ilitangaza kwamba ingeacha kabisa kuwauzia wateja wa kawaida bidhaa zake za jina la Crucial. Waliokuwa wa kwanza kwenye foleni jana wanaweza kusukumwa nyuma leo na tajiri mpya.

KENYA IKO WAPI?

Mtu angeweza kusema kwamba hayo ni ya Japani na Ulaya. La hasha. Mnamo Oktoba 2023, Rais William Ruto alifungua kiwanda cha kuunganisha simu cha East Africa Device Assembly Kenya huko Athi River, kwa lengo la kuwapa wananchi simu za kisasa kwa bei ya chini ya Sh10,000. Katika simu ya bei hiyo, kumbukumbu ni sehemu kubwa ya gharama. Anayeuza simu ya Sh100,000 anaweza kumeza nyongeza ya bei ya chipu. Anayeuza ya Sh8,000 hana pa kuimeza.

Huko Nyeri, kampuni ya Semiconductor Technologies Limited imekuwa ikijishughulisha na uundaji wa chipu katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Ni hatua ya kutia moyo, ingawa kiwanda kimoja hakiwezi kuondoa utegemezi wa taifa kwa vipuri vya maelfu ya aina.

Wanunuzi wa magari nao hawakuachwa. Sheria za Kenya haziruhusu kuingizwa kwa gari lililopitisha miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na mengi ya magari hayo hutoka Japani. Gari lililosajiliwa huko 2021 linaweza kuletwa Mombasa hadi mwaka wa 2028. Magari ambayo hayakuundwa 2021 na 2022 hayawezi kuuzwa yakiwa yametumika. Pengo lililoachwa na chipu za wakati huo lingali linasafiri baharini.

Kwa mwenye kiwanda cha humu nchini, awe anaunganisha simu, mita za umeme, taa za sola au vidhibiti vya pampu za maji, uwezo wa kumpigia mkuu wa kampuni ya chipu simu haupo. Oda yake ni ndogo mno kutikisa yeyote. Ndiyo maana maandalizi yanamfaa yeye kuliko hata Toyota.

Kazi hiyo inaanza na orodha. Kila kipuri kilichomo katika bidhaa kiandikwe, na mbele yake kuandikwe jina la kiwanda kinachokiunda hasa, wala si la duka linalokiuza. Idadi ya majuma kinayochukua kufika. Na mbadala wake uliokwisha kujaribiwa, kama upo. Vile ambavyo vina kiwanda kimoja, safari ndefu na havina mbadala, huwa vichache. Hivyo ndivyo vya kuwekewa akiba, na mara nyingi gharama yake si kubwa, kwa kuwa bei yake ni ndogo. Kisha ateuliwe mtu mmoja wa kuvifuatilia, mwenye ruhusa ya kubisha mlango wa mkurugenzi bila kupitia ngazi zote.

Orodha ya namna hiyo inaweza kuandikwa kwa siku chache, na watu walio tayari kwenye malipo ya kampuni. Haihitaji mtambo wala mkopo. Kinachohitajika ni kuiandika sasa, wakati vipuri vingali vinafika kwa wakati na hakuna anayeona sababu ya kufanya hivyo.